Kwa nini mbwa wa Gikomba hutoka akiwa simba

Shangazi yangu wa Buruburu alikuwa na mbwa aliyeitwa Simba. Hilo si ajabu, ita "Simba!" katika mtaa wowote wa Nairobi uone ni mbwa wangapi watakaokujia. Huyu wake alikuwa chotara, nusu koko nusu Shepadi. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechanika tangu ujanani, na akilala alikuwa akinyoosha mguu mmoja wa nyuma pembeni, kama mtu aliyesahau kuukunja. Alipokufa, shangazi akataka sanamu yake ya mbao. Nikatumwa Gikomba, soko la Nairobi lenye karakana za wachongaji.

Fundi nilimpa picha nne kwa WhatsApp na nusu ya malipo, tukapatana wiki tatu. Alichotoa kilikuwa kazi safi: mbao imepigwa msasa hadi inateleza, macho yamekaa sawa, meno unaweza kuyahesabu. Shangazi aliizunguka mara mbili, akaketi, akasema, "Mwanangu, huyu ni simba amenyolewa."

Hakukosea. Kichwa kilikuwa cha mviringo, pua fupi, shingo nene isiyo na mwanzo wala mwisho, na mkia una kishungi nchani. Nilirudi Gikomba nikiwa na hasira, nikaondoka huko nikiwa na maswali. Tangu siku hiyo nimekaa na wachongaji, mafundi wa kuchomelea na watu wa shanga, nikiuliza jambo moja: mtu anayeweza kuchonga ndovu huku akipiga gumzo na jirani, mbwa anamshindaje?

Mkono ulikojifunzia

Biashara ya vinyago vya Wakamba, ambayo ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya mbao zilizochongwa unazoziona zikiuzwa Nairobi, husimuliwa kuanzia kwa Mutisya Munge wa Wamunyu, kule Machakos. Alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawaona wachongaji wa huko, akarudi nyumbani na ujuzi mpya. Wakamba walikuwa wakichonga tangu zamani, ila vitu vya matumizi: viti vya miguu mitatu, vijiko, mipini. Baada ya Munge kikaja kinyago cha kuuza, na mnunuzi alikuwa mgeni. Mwanzoni mlowezi na askari, baadaye mtalii.

Mtalii huyo alifuata nini? Ndovu, twiga, simba, kifaru, na Mmasai aliyeshika mkuki. Mbwa alikuwa amemwacha kwao, kwenye kochi. Kwa hiyo miaka nenda miaka rudi mbwa hakuwahi kuingia katika orodha ya maumbo ambayo mjomba humfundisha mpwa wake.

Na mpwa hujifunza kwa kunakili. Hukaa kando ya mkubwa wake, huwekewa twiga mmoja mbele, naye huchonga twiga huyo huyo mpaka hahitaji tena kumtazama. Mara nyingi kazi hugawanywa: huyu hukata gogo, yule hutoa umbo kwa tezo, mwingine humalizia kwa kisu, na msasa huachiwa wanawake au vijana wanaoanza. Mfumo huo una akili yake, maana ndio unaofanya sanduku la vinyago hamsini likamilike kwa wakati. Lakini ndani yake hakuna nafasi ya mtu kusimama na kumchunguza mnyama aliye hai. Fundi wangu hakuwa mzembe. Tezo ilipofika begani, ilielekea ilikozoea kwenda.

Kuna pia sababu nyingine iliyo ndani yetu sisi wenyewe. Uchongaji wa Waswahili wa pwani, ule wa milango ya Lamu na Mombasa, ni wa maua, majani, minyororo na maandishi. Wanyama ni nadra humo, na mbwa kwa Mwislamu ana masharti yake ya tohara. Huku bara mbwa alikuwa mlinzi na mwindaji, chakula chake ukoko wa ugali na mahali pake nje. Nairobi ikamfanyia sanaa moja tu, nayo ni kile kibao cha bati langoni: MBWA KALI. Kwingine kimeandikwa kwa mkono, na mbwa aliyechorwa chini yake anafanana zaidi na mamba.

Siyo kwamba Afrika nzima ilimpuuza. Kwa Wakongo wanaoishi upande wa mdomo wa Mto Kongo, waganga wa karne ya 19 walitumia mbwa wa mbao aitwaye kozo, mara nyingi mwenye vichwa viwili, mwili mzima umechomekwa misumari na vipande vya chuma. Mbwa, walisema, analala kijijini na kuwinda msituni waliko wafu, kwa hiyo anaona pande zote mbili. Tazama picha ya sanamu hizo siku moja. Miguu ni mifupi, mwili kama bomba, hakuna anayejali aina ya mbwa, na bado huwezi kumdhania kuwa mnyama mwingine. Zimbabwe nako, karibu na mbuga ya Hwange, mafundi huchukua nyaya za mitego zilizong'olewa porini na kuzisokota ziwe mbwa mwitu, yule mwenye mabaka na masikio ya duara. Nyaya hizo hizo ndizo humnasa akiwa hai.

Kazi mbili, jina moja

Hapa ndipo mteja na fundi hupotezana. Ukisema "nataka sanamu ya mbwa", unaweza kuwa unaomba moja kati ya kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni pambo: mbwa yeyote, mradi aonekane mbwa. Ya pili ni sura ya mbwa fulani aliyekuwa na jina, na ambaye mwenyewe anamjua hadi namna alivyokuwa akinusa kiatu.

Ndovu wa dukani ni ndovu yeyote. Masikio yakizidi, mgeni hatajua, na ndovu mwenyewe hatakuja kulalamika. Mbwa ni wa mtu. Shangazi aliishi na Simba miaka kumi na mmoja. Anajua kifua chake kilivyokaa kuliko anavyoujua uso wangu. Mchongaji anayepokea kazi hiyo kwa bei ya ndovu na kwa muda wa ndovu ameshaumia kabla hajashika tezo. Wengi huipokea hivyo hivyo.

Mwili wenyewe una mitego. Simba wa Gikomba amejengwa kama gunia la mahindi lililolazwa, unene ni ule ule kutoka bega hadi nyonga. Mbwa amejengwa kama mashua: kina kirefu mbele, kisha tumbo linapanda kuelekea nyuma. Ukikosea hapo, hata uchonge masikio ya aina gani, huyo si mbwa. Halafu kuna mabega. Mbwa hana mtulinga unaofanya kazi kama wetu. Miguu yake ya mbele haijaungwa na kifua kwa mfupa, imeshikwa na misuli peke yake. Ndiyo maana akisimama, kifua kinaning'inia katikati ya mabega kama mtoto kwenye mbeleko. Miguu hiyo ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito wake. Mchongaji anayegawa uzito sawasawa kwa miguu yote minne hutoa stuli yenye kichwa.

Mguu wa nyuma nao huwachanganya wengi. Mbwa hutembea kwa vidole, na kile kifundo kinachoonekana kama goti lililopinda kinyume ni kisigino chake, kimeinuliwa juu. Goti lenyewe liko karibu na tumbo. Nilimwona fundi mmoja akimwita mbwa wa soko kwa kipande cha mandazi, akampapasa mguu kuanzia nyongani kushuka, akacheka peke yake. Alikuwa amechonga wanyama zaidi ya miaka ishirini.

Kuhusu uso, kuna jambo dogo ambalo watafiti walilichapisha mwaka 2019: mbwa ana msuli juu ya jicho unaoinua nyusi kwa ndani, ambao jamaa yake mbwa mwitu wa nchi za baridi karibu hana. Ni ule uso wa "sijala tangu jana" ilhali amemaliza sufuria. Kwenye mbao huo ni mchomo wa kisu usiofika hata milimita mbili, na ndio unaotenganisha mbwa na mnyama wa kuogopwa.

Mbao, jiwe, chuma, mpira

Watu huchagua malighafi kwa macho, ilhali malighafi ndiyo huamua mbwa atakaaje.

Mbao ina nyuzi. Kando ya nyuzi ina nguvu. Ukizikatiza, kitu chembamba huvunjika kama biskuti. Sasa mfikirie mbwa aliyesimama, miguu minne myembamba inashuka na mkia umenyooka nyuma. Ukilielekeza gogo ili miguu ifuate nyuzi, mkia unazikatiza. Ukiokoa mkia, umepoteza miguu. Ndovu hana shida hiyo kwa sababu miguu yake ni magogo na mkia wake umelalia makalio. Wachongaji wenye busara humketisha mbwa, au humlaza, mkia ukazunguka na kushikana na mguu. Ukiona mbwa wa mbao amesimama kwa madaha na mkia juu kama bendera, tazama vizuri mkia unapoungana na mwili. Pengine utaona gundi.

Halafu kuna nyufa. Wachongaji hupenda mbao mbichi kwa kuwa ni laini. Mbao ikikauka hunywea, na hunywea zaidi kuzunguka pete za mti kuliko kuelekea kwenye moyo wake, takriban mara mbili. Mvutano huo lazima utokee mahali, na hutokea kama ufa. Sanamu iliyokaa salama Nairobi inaweza kupasuka baada ya kufika kwenye nyumba ya Ulaya yenye joto la mashine wakati wa baridi. Ndiyo sababu fundi mzuri huiweka kazi yake ndani ya mfuko wa plastiki au chini ya vumbi la mbao, ikauke polepole, na ndiyo sababu anayekuahidi mbwa mkubwa kwa siku nne anakuuzia ufa ambao bado hujauona.

Tena usikubali kila mbao nyeusi iitwe mpingo. Jakaranda iliyopakwa rangi ya viatu imewapendeza wengi. Mpingo wa kweli ni mzito kiasi cha kuzama majini, kwa hiyo beseni linatosha kumaliza ubishi. Na ukiupata, ujue kwamba jamii nzima ya miti hiyo iliwekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuanzia Januari 2017. Tangu 2019 bidhaa zilizokamilika zinaruhusiwa kusafirishwa bila kibali iwapo mbao hiyo haizidi kilo 10 kwa mzigo mmoja. Kwa mbwa wa mezani hakuna tatizo. Mimi ningechukua mwarobaini au mwembe, miti inayopandwa na watu, nikamwacha mpingo na kisa chake.

Jiwe la Kisii, lile laini, hutoka mji wa Tabaka huko Kisii. Likiwa na maji hukatika kwa panga na kisu, kisha hupigwa msasa ndani ya maji na kupakwa nta. Linafaa kwa mbwa aliyejikunja akalala. Haliwezi mguu mwembamba, basi.

Chuma ni kinyume kabisa. Kinachoshindikana kwenye mbao, yaani mguu mwembamba na mkia hewani, kwa fundi wa kuchomelea ni mchezo. Jiji hili lina ukoo wake wa vyuma: Kioko Mwitiki alijulikana hadi ng'ambo kwa ndovu wa vyuma chakavu wa ukubwa wa kweli. Mbwa hutoka kwa vipande vile vile, cheni ya pikipiki ikawa uti wa mgongo, plagi zikawa vidole, spana ikawa shavu. Nimegundua kuwa chuma humpenda mbwa wa manyoya mafupi, kama Rottweiler, ambaye misuli yake inaonekana. Mbwa wa manyoya mengi akitengenezwa kwa chuma hufanana na nungunungu aliyegongwa.

Lakini chuma kina siasa yake. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kukosa stima, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu. Ilirudishwa Mei mwaka huo, ikiwa na masharti makali zaidi ya leseni. Msanii haibi nyaya, ila hununua gia zake pale pale wanapouziana wengine wote, na pakifungwa pamefungwa kwa wote.

Na mpira? Mtaa wa Karen, Nairobi, kuna karakana ya Ocean Sole, ambako malapa yaliyookotwa ufukweni huoshwa, hugandishwa pamoja kwa gundi yakawa bonge la rangi rangi, kisha huchongwa kwa kisu. Wazo lilianzia pwani ya kaskazini, Kiunga, mwishoni mwa miaka ya 1990, Julie Church alipoona watoto wakitengeneza vidude vya kuchezea kwa malapa yaliyoletwa na bahari. Wengi wa mafundi wake walikuwa wachongaji wa mbao kabla ya hapo. Mbwa wamo. Rangi haiwezi kukusaidia kumtambua mbwa wako, kwani atakuwa na mstari wa waridi, wa buluu na wa kijani, hivyo mchongaji amebakiwa na umbo peke yake. Nilidhani hilo lingewaangusha. Badala yake, baadhi ya mbwa niliowaona wakitambulika upesi zaidi walikuwa wa malapa. Mpira hauna nyuzi wala haupasuki, na fundi akikosea sikio hubandika kipande kingine na kuanza upya.

Picha na bei

Wateja tunawaponza mafundi kwa picha. Simu ikiwekwa karibu na pua ya mbwa, pua inakuwa mara mbili ya ilivyo na mwili unasinyaa nyuma yake. Mchongaji akinakili hivyo, anapata kikatuni. Rudi hatua tatu nyuma, chuchumaa hadi usawa wa bega la mbwa, vuta picha kwa zumu. Piga upande wa kushoto, wa kulia, mbele, nyuma, na moja kutoka juu, ile ambayo hakuna anayeikumbuka nayo ndiyo huonyesha upana wa mbavu na nyonga. Kisha chukua futi ya fundi cherehani: urefu kutoka ardhini hadi begani, kutoka kifuani hadi makalioni, na urefu wa kichwa. Ukiwa na hivyo vitatu, kichwa kinakuwa kipimo cha kila kitu kingine.

Shida ni kwamba watu hukumbuka sanamu baada ya mbwa kufa. Na hata anayewahi anaweza kurudi pale pale. Tokyo, sanamu ya Hachiko, yule mbwa aliyemngojea bwana wake kwenye stesheni ya Shibuya, ilisimamishwa mwaka 1934 yeye mwenyewe akiwa hai. Ikayeyushwa wakati wa vita ili shaba yake itumike. Iliyosimamishwa mwaka 1948 ilitengenezwa na Takeshi Ando, mtoto wa mchongaji wa kwanza, wakati mbwa na baba wote hawapo.

Kuhusu bei, sitakupa namba kwa sababu nimeona mbwa wawili wa kimo kimoja, mmoja akiuzwa mara sita ya mwenzake, na bei zote mbili zilikuwa za haki. Mmoja alikuwa wa kumi na mbili katika safu, umbo lile lile. Mwingine alichongwa mara mbili kwa sababu wa kwanza alipasuka kichwa. Unapoagiza sura ya mbwa wako unalipia yule atakayeharibika, unalipia fundi kuja kumwona, na unalipia wiki ambayo angetoa ndovu ishirini za uhakika. Ukitaka kupunguziwa, punguza kimo, usipunguze siku. Na mkubaliane kabla ya kulipa: akitoka hafanani, nani anabeba hasara? Mimi sikuuliza.

Fundi wangu hakubishana. Alikuja Buruburu Jumapili moja baada ya ibada, akanywa chai, akaomba kuonyeshwa mkeka aliokuwa akilalia Simba. Shangazi akamwita mbwa wa jirani mwenye kimo kile kile, akapimwa kwa kamba yenye mafundo. Safari hii gogo la mwembe lililazwa, mwili ukafuata nyuzi, na ule mguu wa nyuma ulionyooshwa pembeni ukawa ndio salama kuliko yote, kwa kuwa nao ulifuata njia ile ile. Ilichukua wiki saba. Kuna ufa mdogo chini ya tumbo, umezibwa kwa nta na vumbi la mbao.

Sikio aliliacha mwisho. Alilikata pale pale sebuleni kwa kisu kidogo, shangazi amesimama nyuma yake akimwelekeza: bado, bado, zaidi kidogo, basi, hapo. Yule wa kwanza, simba aliyenyolewa, yuko nje langoni, chini ya kibao.